Bunduki ya Nyumba Tatu

Juzi nilikuwa saluni, binti wa Kikongo anazichambua nywele zangu na kunung'unikia mvi kana kwamba nimezipanda makusudi, mara akafungua kopo la mafuta ya nazi. Si haya ya dukani yenye manukato. Ni yale yenyewe, yanayoganda baridi ikija, yenye harufu ya kifuu kilichoungua kidogo. "Auntie, iko sawa?" akaniuliza, maana nilinyamaza ghafla na mimi si mtu wa kunyamaza. Nikamwambia iko sawa, endelea tu. Lakini saluni nilikuwa nimeshatoka. Nilikuwa Chatsworth, Durban, utotoni, mbele ya kabati la Baba, na Bibi kakaa mkekani ananipaka mafuta kichwani. Akimaliza kwangu, anafungua kipande cha blanketi, anatoa mtutu wa bunduki, na kuupaka huo pia.

Kila Alhamisi jioni ndivyo ilivyokuwa. Kopo moja, kitambaa kimoja, wateja wawili. Mimi nililia kwa sababu Bibi alikuwa na mkono mzito. Mtutu haukulia, na Bibi hakuacha kunisimanga kwa hilo. "Mwenzio huyu ametulia tangu mwanzo," alikuwa akisema. "Wewe hata kitana hakijakugusa umeshaamsha mtaa." Nilidhani kila nyumba ina bomba lake la chuma la kupakwa mafuta Alhamisi. Nilikwenda kwa majirani zetu Watamil nikaangalia makabati yao kwa jicho la wizi, nikawahurumia kimoyomoyo.

Niwaeleze habari ya mtutu huo kabla hamjadhani tulikuwa majambazi. Babu aliirithi bunduki nzima kwa wazee wake, wale waliokuja Durban kutoka pwani ya kwetu zamani sana, na hakuna aliyejua wao waliipata wapi. Ilikuwa gobore, ya kushindiliwa baruti kwa mdomoni. Haikuwahi kulia katika maisha ya yeyote niliyemfahamu. Babu alipofariki, vitu vyake viligawanywa kama sheria inavyotaka, kitanda, baiskeli, cherehani, bila neno. Walipofika kwenye bunduki wakakwama. Hakuna aliyekubali iuzwe, na hakuna aliyekubali mwenzake aende nayo. Basi Shangazi Zuhura akaleta bisibisi, na bunduki ikafunguliwa pale pale sebuleni.

Mtutu ukaenda kwa Baba, mtoto mkubwa. Mtambo wa kufyatulia ukaenda kwa mdogo wake, Baba mdogo Kassim, wa Isipingo, kando ya bahari. Mti wote, kuanzia kitako mpaka mbele, ukaenda kwa Shangazi, Cato Manor. Yeye alilalamika miaka yote kwamba fungu la mwanamke ni nusu lakini ndilo lililojaza kabati lake. Bibi, kama mjane, akapata thumuni yake: mdeki, kile kijiti kirefu cha chuma cha kushindilia baruti. Akakitundikia pazia la chumbani. Watu wengine wanagawana mashamba na nyumba. Sisi tuligawana bunduki, na hatukuona ajabu yoyote.

Ajabu ilikuwa mahali pengine. Baba na Baba mdogo walikuwa hawasemezani. Siku Babu alipofariki, Baba mdogo alikuwa Johannesburg kikazi. Alipigiwa simu akapanda basi saa hiyo hiyo, lakini safari ni ndefu, jua lilikuwa kali, na wazee walikuwa wanamhimiza Baba kwamba maiti haiwekwi. Baba akaamua. Babu akazikwa baada ya Alasiri. Baba mdogo akafika magharibi, kakimbia kutoka stendi na begi mkononi, akakuta kaburi limeshamwagiwa maji. Alimwambia kaka yake maneno machache tu, "Umeninyima uso wa baba yangu," na tangu jioni ile hakuvuka tena kizingiti chetu. Hata kwenye mgawo wa bunduki hakuwepo; neno lake alilileta Shangazi, na fungu lake alipelekewa na Shangazi.

Haya niliyajua ukubwani. Wakati ule mimi nilijua jambo moja: Babu amesafiri. Siku ya msiba nilikuwa mdogo mno, wakanipeleka kwa jirani, akanilisha vitu vitamu mpaka nikalala, na niliporudi nikaambiwa Babu amesafiri. Hakuna aliyerudi nyuma kunirekebishia. Watu wazima ndivyo walivyo, wanamdanganya mtoto kwa siku moja halafu wanasahau kwamba mtoto hasahau. Na Bibi ndiye aliyemalizia kunipoteza. Kila akiupaka mtutu mafuta alikuwa akisema, zaidi kuuambia mtutu kuliko kuniambia mimi: "Siku mtakayoshikana tena, baba yao ataingia kwa mlango ule, na makubadhi yake miguuni."

Mimi nikapiga hesabu zangu. Babu amesafiri. Bunduki ikishikana, Babu ataingia. Kwa hiyo kinachomchelewesha Babu ni Baba mdogo, anayekaa na kipande cha Isipingo. Nilimchukia Baba mdogo kwa moyo wangu wote, na nilikuwa simkumbuki hata sura.

Wezi ndio waliotusogezea mambo. Waliingia nyumba ya tatu kutoka kwetu, wakabeba televisheni na video, na hata nyama iliyokuwa kwenye friji. Baba akashikwa na hofu akamwita mtu wa bima. Alikuja kijana wa tai, kaloa jasho kwa ngazi zetu zile za mlimani, akakaa anaandika vitu vya thamani: friji, televisheni, cherehani. Bibi akaingia chumbani akatoka na mtutu kifuani. Yule kijana akainuka kwenye kiti chake na kalamu ikaanguka.

Alipotulia akaeleza. Bomba peke yake haliandikiki. Bima inataka kujua ni bunduki ya aina gani, ilitengenezwa wapi, ya zama zipi, nayo iwe kitu kimoja, kwenye nyumba moja, kwa jina la mtu mmoja. Na pana jambo jingine. Ikionekana ni ya zama zile za kushindilia mdomoni, ni kitu cha kale, hakuna atakayeuliza. Ikionekana ni ya baadaye, inataka leseni, na kama leseni haipo, polisi watavichukua vipande vyote vitatu popote vilipo. Alimjua mzee mmoja anayechunguza silaha za kale. Angeweza kumwomba aje.

"Basi iache, usiiandike," Baba akasema haraka.

"Iandike," Bibi akasema. "Huyo mzee aje. Nataka kuiona nzima kabla sijafumba macho."

"Mama, unajua nusu yake iko wapi."

"Najua. Zuhura atamwambia."

Baba akatazama ukutani. Sasa naelewa ni kitu gani kilikuwa kinapimwa pale sebuleni, wala si bunduki. Bibi alikuwa ameshatumia kila njia kuwaweka wanawe chumba kimoja: Idi, maulidi, kuumwa kwa kweli na kuumwa kwa uongo. Hii ilikuwa ya mwisho. Kassim akikataa kuja, hakuna njia nyingine.

Shangazi alileta jibu baada ya kwenda Isipingo mara ya pili. Atakuja Jumamosi. Hatakaa. Mimi usiku huo sikulala vizuri kwa furaha. Asubuhi niliingia uvunguni mwa kitanda cha Bibi, nikayatoa makubadhi ya Babu yaliyokuwa yamekauka na kujikunja, nikaiba mafuta ya nazi, nikayapaka mpaka yakalainika.

Jumamosi yenyewe Mama yangu alikuwa zamu hospitalini, na Bibi alipika pilau ya kulisha kijiji. Mnajua sufuria za bibi zetu, zile nyeusi chini na nyeupe juu. Yake kishikio cha kifuniko kilikuwa kimetoka zamani, na mahali pake palikuwa na kipande cha mti kilichokazwa kwa parafujo nene ndefu. Nilikuwa naiona kila siku na sikuwahi kuitazama.

Mzee wa silaha alikuja mapema, Mhindi mwembamba aitwaye Bwana Naidoo, miwani kifuani imefungwa kamba ya kiatu, mfukoni pipi za mnanaa ambazo hakunipa hata moja. Alisema Kiingereza na Shangazi akawa anamfasiria Bibi. Shangazi naye alikuwa ameteremka kwenye taxi na mti wa bunduki ameuviringisha kwenye kanga. "Abiria wananiuliza nimebeba nini," akasema akiuweka mezani. "Nikawaambia mguu wa mume wangu, mwingine nimemwachia nyumbani asitoroke." Bibi akamwambia aone haya mbele ya mgeni, lakini alikuwa anacheka.

Bwana Naidoo akaugeuza mtutu, akaunusa. "Nani anapaka nazi?" Bibi akainua mkono. "Eish," akasema yule mzee. Akachukua kitambaa na pamba akaanza kuondoa utando mweusi chini ya mtutu, polepole, sehemu ile inayofichwa na mti. Baba alikuwa ameketi anajifanya anaangalia. Macho yake yalikuwa mlangoni.

Gari likasimama barabarani. Mtu akapanda ngazi kwa hatua nzito, akazunguka uani, akasimama kwenye mlango wa jikoni na buti zake za kazi. Alikuwa na paji la uso la Baba kabisa, jambo ambalo lilinikera. Akamsalimia mama yake. Bibi akampokea mkono akaushika.

"Ingia, mwanangu."

"Hapa panatosha, Mama. Nimeleta tu." Akatoa mtambo kwenye mfuko wa mkate. "Zuhura, mpe huyo mzee. Na mwambie kaka yako akimaliza anirudishie."

"Mwambie, nani atamnyang'anya?" Baba akasema bila kugeuka.

Kati yao palikuwa na jiko dogo na mlango uliofunguliwa. "Mimi si simu," akasema Shangazi. Akauchukua mtambo akaupeleka mezani.

Mtambo ulikuwa umeliwa na kutu vibaya. Bwana Naidoo akauliza nani aliuweka karibu na bahari. Shangazi akafasiri kwa sauti, na kule mlangoni Baba mdogo akajibu kwamba angeihamisha bahari lakini hakupata lori. Nikaona mabega ya Baba yametikisika. Akajikaza.

Mzee yule alichukua muda. Alivaa miwani, akavua, akasogea dirishani, akatuonyesha alama ndogo chini ya mtutu, taji na herufi, zilizobaki kali kwa sababu chini ya mafuta ya Bibi hakuna aliyewahi kuzisugua. Mtutu ni wa Uingereza, akasema, wa zamani sana. Mtambo ni wa baadaye kidogo. Mwanzo ulikuwa wa kupiga jiwe, halafu fundi fulani akaugeuza uwe wa fataki. Mti si wa Ulaya kabisa. Ni mti wa huku huku, umechongwa na mtu wa huku. Wote watatu ni wa zama za kushindilia, hakuna cha leseni. Lakini hawakuzaliwa pamoja.

Baba akainama mbele. "Kwa hiyo si bunduki moja?"

Shangazi hakufasiri. Alikuwa anamtazama Bibi, aliyekuwa ameacha kupepea moto.

Bwana Naidoo akaulaza mtutu kwenye mfereji wake ndani ya mti. Akamwita Baba kwa kidole, na Baba mdogo naye akarefusha shingo kutoka mlangoni. "Tazameni hapa," akasema. "Kutu ya chuma imeingia kwenye mti, na rangi ya mti imebaki kwenye chuma. Vimekaa pamoja kuliko umri wenu nyote mkiujumlisha. Kila kimoja kimejikunja kumfuata mwenzake. Ni bunduki moja. Mimi nitaandika ni moja." Kisha akapapasa meza. "Parafujo iko wapi? Lazima niifunge ndipo nipige picha."

Basi, hapo ndipo ilipotaka kuharibika. Parafujo haikuwepo.

"Aliyechukua mtambo ndiye mwenye parafujo," Baba akasema.

"Parafujo ilibaki na mtutu," Baba mdogo akasema kule mlangoni, na sasa hawakumhitaji Shangazi.

"Mimi nilipewa mtutu mtupu."

"Na mimi nilipewa nini? Hata ule mtambo, uliniletea wewe mwenyewe? Kila kitu ulimaliza sipo. Kila kitu!"

Baba akasimama. Baba mdogo akageuka kuelekea ngazi. Mimi roho ilinitoka, kwa sababu kwa hesabu zangu Babu alikuwa njiani, pengine yuko robot ya chini, kwenye taa za barabarani, na sasa watu hawa wawili wanamrudisha.

Bibi akarudi kwenye sufuria yake. Tukasikia kifuniko kinagonga, halafu akatoka anafungua kile kishikio cha sufuria kwa vidole vyake, anapuliza kwa moto wake. Akaiweka parafujo mezani, ina mafuta ya pilau.

"Niliichukua siku ile ile mlipogawana," akasema. "Nilijua iko siku mtaihitaji, na mtaitafuta kwangu. Kila Idi mnakula sufuria hii, mwingine anapelekewa kwenye bakuli kama mgonjwa. Hamkuuliza hata mara moja."

Baba mdogo alikuwa amesimama kwenye ngazi ya pili, mgongo kwetu. Bwana Naidoo akaifuta parafujo, akaitia, akaikaza kwa bisibisi yake ndogo. Shangazi akaenda kuchomoa mdeki kwenye pazia, akauchomeka mahali pake. Ilikuwa nzima, ndefu kuliko nilivyowahi kuifikiria, na yenye sura mbaya, kusema kweli.

Mimi sikuwa na muda wa kuitazama. Nilikimbia chumbani nikatoka na makubadhi, nikayapanga nje ya mlango wa jikoni, vidole vikielekea ndani. Nikasimama pembeni.

Baba mdogo akayaona. "Haya ya nani?"

"Ya Babu. Anakuja sasa hivi."

Akanitazama. "Nani kakwambia?"

"Bibi. Amesema bunduki ikishikana ataingia. Wewe ndiye ulikuwa unamchelewesha."

Alikaa kwenye ngazi kama mtu aliyeambiwa kaa. Kisha akanivuta nikakaa karibu naye. Alinuka mafuta ya gari. "Mwanangu," akasema, "Babu haji. Babu alikufa. Na mimi sikumwona. Nilikuja mbio nikidhani nitamkuta. Mpaka leo nikilala naona kama yupo mahali, kwa sababu sikumwona."

"Na mimi sikumwona," nikamwambia.

Ndipo nikalia. Nililia kwa sauti ile ya siku za Alhamisi, na safari hii hakuna aliyenisimanga. Baba alitoka jikoni, akakaa upande wa pili wangu, na nikawa katikati ya mapaji ya uso mawili yanayofanana. Hakuniangalia mimi. "Kassim," akasema, "waliniharakisha. Nikaogopa watu wataona nimeshindwa kusimamia. Ulistahili kusubiriwa. Nimelijua hilo tangu jioni ile na nikashindwa kulisema. Nisamehe, ndugu yangu."

Baba mdogo hakusema amesamehe. Wanaume wa kwetu hawasemi. Kutoka msikitini adhana ya Alasiri ikaanza, na wote wawili wakainamisha vichwa kusikiliza. Ilipokwisha Baba akasema, "Leo utatusalisha wewe." Na yeye, mkubwa, alikuwa hajawahi kumwachia mtu nyumbani kwake nafasi ya mbele.

Baba mdogo akaanza kufungua kamba za buti, moja moja. Akaziweka kando ya mlango. Akatia miguu kwenye makubadhi ya Babu, yaliyokuwa yanateleza kwa mafuta yangu, akashuka uani kwenye bomba kutia udhu. Mimi nikaenda jikoni kwa Bibi na makamasi yangu.

Bibi alikuwa sufuriani, mgongo kwa mlango. Nje makubadhi yanapiga saruji, tap, tap, kwenda bombani, tap, tap, kurudi. Mkono wa Bibi ukasimama juu ya kifuniko. Sikuthubutu kumwambia ni nani. Tap, tap, hadi kizingitini, yakavuliwa, na miguu mitupu ikaingia ndani.

"Sikukwambia ataingia?" Bibi akasema taratibu, bila kugeuka.

Kisha akakifunua kifuniko kwa ncha ya kanga, maana parafujo ya kishikio chake ilikuwa sebuleni, imeshika bunduki.